Sura ya Sita: Njia ya Uzito

Kati ya Sakina na Tengeru, mkoani Arusha, barabara ya njia nne ina urefu wa kilometa 14 hivi, na pembezoni mwake wamejaa mafundi wa kuchomelea. Mageti, matela ya trekta, madawati ya shule, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, vyote hutengenezwa hapo nje, mbele ya macho ya wapita njia. Kati ya kazi wanazoletewa mafundi hawa kuna moja inayoonekana ndogo kuliko zote. Mwenye trekta anataka kulabu mbili au tatu zichomelewe kwenye ukingo wa juu wa kijiko, ili apate pa kutundika mnyororo na kunyanyulia vitu. Ni kazi ya nusu saa. Rodi chache, cheche kidogo, rangi juu yake, na trekta linarudi shambani likiwa winchi.

Sura hii yote inahusu nusu saa hiyo, kwa sababu maisha ya vibarua wengi yananing'inia hapo bila wao kuambiwa.

Haja yenyewe ni ya kweli. Mashamba ya chini ya Mlima Meru yako kwenye miteremko inayokatwa na mito na mifereji, na kila masika kuna kivuko kinachobomoka mahali fulani. Karavati la zege lenye tundu la sentimeta 90, unene wa sentimeta 10 na urefu wa mita 1 lina kilo 750 hivi. Watu sita hawalibebi. Wanalivingirisha, na kwenye mteremko kitu kinachovingirishwa kina hiari yake. Pipa la lita 200 lililojaa dizeli lina kilo 170 bila kuhesabu pipa lenyewe. Kuna pampu ya umwagiliaji na injini yake, kuna mashine ya kumenyea kahawa inayotakiwa kuhamishiwa banda jipya, kuna gogo la mgrevilea lililoangukia njia ya maji. Kukodi kreni kutoka mjini kwa ajili ya karavati moja hakuna mkulima anayekuwazia. Trekta liko pale, kijiko kiko mbele yake, na mikono yake inapanda juu kwa kusukuma tu wenzo mdogo. Mtu angekuwa mjinga asiyeona kwamba mashine hiyo inaweza kunyanyua.

Inaweza. Ila haikuundwa kwa hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Joseph Cyril Bamford wa Staffordshire, Uingereza, ambaye herufi za jina lake ndizo JCB, alianza kuuza mikono ya haidroliki ya kufungwa mbele ya trekta la shamba. Kazi iliyokusudiwa ilikuwa kuchota samadi, udongo na mchanga. Mzigo wa namna hiyo unakaa ndani ya kijiko, umeegemea sakafu yake, na unasambaa upana wote. Ukizidi unamwagika. Ukikosea, umepoteza udongo. Mzigo unaoning'inia kwenye mnyororo hauna tabia hizo. Uzito wake wote unapita mahali pamoja penye upana wa vidole viwili, unabembea, na ukizidi haumwagiki bali unavunja kitu.

Ndiyo maana swali la kwanza si kulabu ichomelewe wapi. Swali la kwanza ni uzito utapita wapi kutoka kwenye mzigo mpaka ardhini. Kutoka kwenye karavati unapanda mnyororo, unaingia kwenye kulabu, unavuka weldi, unaingia kwenye bamba la kijiko, unafika kwenye pini, unapita kwenye mikono na jeki za haidroliki, unaingia kwenye fremu, unateremka ekseli ya mbele, unapita matairi, unafika kwenye udongo wa Meru, ambao wakati wa masika ni tope. Kila kituo kwenye njia hiyo lazima kiweze kuupokea na kuupitisha. Fundi aliyeitwa kuchomelea anashughulikia vituo viwili tu. Vilivyobaki ni vya mwenye trekta, na mara nyingi hajui kama ni vyake.

Mazungumzo ya gereji huwa mafupi.

"Mzee, nikukatie nondo ya kumi na sita, niikunje hapa hapa. Kabla ya saa sita umeshaondoka."

"Itashika, kijana wangu?"

"Itashika, mzee. Trekta za huku zote tumezifunga hizo hizo."

Kijana hasemi uongo. Amezifunga kweli, na nyingi bado zinashika. Lakini tufanye hesabu ambayo haikufanywa pale. Nondo ya milimita 16 ina eneo la milimita za mraba 201. Ukiivuta moja kwa moja, kama inavyovutwa ndani ya zege, ni chuma chenye nguvu sana. Ukiikunja kuwa kulabu, haivutwi tena moja kwa moja, inakunjuliwa. Mzigo unakaa kwenye tumbo la kulabu, na chuma kinachoubeba kiko pembeni kwa milimita 30 hivi. Tundika hapo kilo 500 tu, na mkazo kwenye shingo ya ile nondo unafika karibu Newton 390 kwa kila milimita ya mraba. Nondo nyingi za ujenzi zinaanza kunyooka kati ya 400 na 500. Kwa maneno mengine, mzigo wa mifuko kumi ya simenti, ukiwa umetulia kabisa, unaifikisha ile kulabu karibu na mwisho wa uwezo wake. Mzigo hautulii. Uzito unaoachiwa ghafla, hata bila kuanguka hata sentimeta moja, unavuta mara mbili ya uzito wake. Dereva akishusha mikono haraka kisha akasimamisha, kilo 500 zimekuwa tani moja kwa sehemu ya sekunde.

Kuna tatizo jingine ambalo hesabu hiyo haigusi. Nondo nyingi hazikutengenezwa zikifikiriwa weldi. Kaboni yake inaweza kuwa juu, na sehemu iliyo kando ya weldi ikipoa haraka inakuwa ngumu na kukatika bila kukunjika kwanza. Springi za gari, ambazo mafundi wanazipenda kwa ugumu wake, ni mbaya zaidi kwa jambo hili hili. Chuma kinachokunjika kabla ya kukatika kinampa mtu nafasi ya kukiona na kukimbia. Chuma kinachokatika kama kigae hakimpi nafasi hiyo.

Vivyo hivyo haifai kununua kulabu ya mnyororo iliyo tayari, ile ya daraja la 80, na kuichomelea. Nguvu yake inatokana na namna ilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani kwa kipimo. Moto wa weldi unaifuta kazi hiyo, na hakuna jicho litakaloona tofauti. Zipo kulabu zilizofuliwa mahsusi kwa ajili ya kuchomelewa kwenye vijiko. Zina kitako kipana na bapa, zina kishikizo chenye springi kinachofunga mdomo, na uwezo wake umegongwa kwenye chuma chenyewe: tani 1, 2, 3 na kuendelea. Kwa trekta la shamba la Tengeru, kulabu ya tani 2 au 3 inatosha na kuzidi. Bei yake ni mara nyingi ya kipande cha nondo. Nikiulizwa mahali pa kubana matumizi kwenye shamba, nitataja sehemu nyingi kabla ya hapo. Isipopatikana, bora kuagiza na kungoja.

Sasa kijiko chenyewe. Vijiko vya trekta za shamba vina bamba jembamba mgongoni, milimita 5 au 6, kwa sababu sehemu hiyo kazi yake ni kuzuia udongo usimwagike nyuma. Ukichomelea kulabu ya tani 3 kwenye bamba la milimita 5, umepata kulabu ya tani 3 iliyoshikwa na bati. Bamba litajikunja au litachanika kuizunguka weldi, na kulabu itatoka nzima, na weldi yake nzima. Kwa hiyo kabla ya kulabu unatangulia uimarishaji: chuma cha pembe cha milimita 75 kwa 75 chenye unene wa 8, au bamba la milimita 12, kinacholazwa kwenye ukingo wote wa juu kutoka upande hadi upande. Uzito ukiingia hapo unasambaa kabla ya kufika kwenye bamba jembamba. Pembe za bamba la kuongezea ziviringishwe kwa grinda, maana nyufa hupenda kuanzia kwenye kona kali.

Mdomo wa chini, ule wenye bapa la kuchimbia, unawavutia wengi kwa sababu ni mnene. Usiguswe. Bapa hilo kwa kawaida ni chuma kilichokazwa kisiliwe na mawe, na weldi isiyo na maandalizi ya moto inaweza kulipasua. Tena kulabu iliyowekwa hapo itasagwa na ardhi kila siku ya kuchimba.

Kulabu ziwe ngapi? Rai yangu ni tatu. Mbili zikae juu ya mistari ya mikono, pale ambapo uzito una njia fupi ya kufika kwenye pini. Ya tatu iwe katikati kabisa, na ndiyo itakayofanya kazi nyingi, kwa sababu mzigo mmoja ukining'inia katikati unagawanywa sawa kwa mikono yote miwili. Kona za kijiko zisiwekewe chochote. Mzigo kwenye kona unaubebesha mkono mmoja karibu kazi yote na kuipindapinda fremu nzima. Mikono ya kijiko haisemi ikipindika. Inaendelea kufanya kazi miezi mingi, pini zikilika upande mmoja, mpaka ufa utokeze.

Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, azima timazi ya mwashi. Shikilia uzi wake mahali unapokusudia kulabu ikae, kisha mwombe dereva apandishe mikono, aishushe, akikunje kijiko nyuma na kukiinamisha mbele, polepole. Uzi utakuonyesha mnyororo utakavyoning'inia katika kila hali. Ukigusa bapa la kuchimbia, ujue mnyororo utakuwa unasagwa kwenye ncha ya chuma, ukiwa na mzigo. Ukiangukia ndani ya kijiko, ujue mzigo utaburutwa kwenye sakafu yake. Tazama pia mdomo wa kulabu. Kuna pembe ambazo kijiko kikifika, mdomo uliokuwa unatazama juu utatazama chini, na kinachobaki kuuzuia mnyororo usitoke ni kile kishikizo kidogo cha springi. Kishikizo hakikuwekwa kubeba mzigo. Kulabu igeuzwe mpaka mvuto uingie tumboni mwake katika hali zote ambazo dereva atanyanyulia, na hali ambazo hazifai azijue na azikwepe. Sijaona kipimo rahisi kuliko hiki kinachoepusha madhara makubwa kiasi hiki, na ni uzi na jiwe.

Kuhusu weldi yenyewe niseme kwanza jambo la kutia moyo. Weldi nzuri ina nguvu nyingi ajabu. Weldi ya pembeni yenye upana wa milimita 8, ikizunguka kitako cha kulabu kwa jumla ya milimita 200, inaweza kwa mkazo wa kadiri wa Newton 100 kwa milimita ya mraba kubeba zaidi ya tani 11. Hakuna trekta Tengeru litakalofika huko. Kwa hiyo weldi za kulabu zinapoachia, mara nyingi ni kwa sababu haikuwepo weldi, bali chuma kilichoyeyushwa kikakaa juu ya rangi, kutu na mafuta.

Rangi itolewe kwa grinda mpaka chuma king'ae, sentimeta kadhaa kuzunguka. Rodi inayotumika karibu kila gereji ya mtaani ni E6013, nzuri kwa mageti na madirisha kwa sababu inawaka kwa urahisi. Kwa kulabu ya kunyanyulia inatakiwa E7018, ambayo inaacha haidrojeni kidogo kwenye weldi. Haidrojeni ndiyo inayoleta nyufa zinazotokea saa nyingi baada ya kazi kwisha, trekta likiwa limeshaondoka na fundi ameshalipwa. Sharti la E7018 ni ukavu. Pakiti ikikaa wazi wiki moja ya masika, rodi hizo zimekunywa unyevu wa hewa na hazina tena faida yake. Zinarudishwa hali kwa kuokwa kwenye tanuri la nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili. Fundi asiye na tanuri anunue pakiti mpya iliyofungwa vizuri, aifungue siku hiyo hiyo na kuitumia siku hiyo hiyo.

Chuma kinene kipashwe moto kwanza, nyuzi 100 na ushee, ili weldi isipoe ghafla. Kikishachomelewa kiachwe kipoe chenyewe. Kumwagia maji ili mteja aondoke mapema ni kuiharibu kazi yote kwa sekunde chache. Waya wa kurudishia umeme ubanwe kwenye kijiko chenyewe, karibu na weldi. Ukibanwa kwenye fremu ya trekta, umeme utapita kwenye pini na bushi ukitafuta njia ya kurudi, na kuziunguza. Nyaya za betri zifunguliwe kabla ya kuanza.

Panapokosekana fundi wa kuaminika kuna njia nyingine ninayoiheshimu: kulabu ichomelewe kwenye bamba nene katika karakana nzuri mjini, kisha bamba lifungwe kwenye kijiko kwa bolti zenye alama ya 8.8 kichwani. Arusha haina uhaba wa watu wa kuuliza. Kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, CAMARTEC, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1981, kazi yake mojawapo ni kupima mashine za kilimo. Kuna TEMDO, shirika la usanifu wa mitambo, kuna Chuo cha Ufundi Arusha, kuna VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Kijana aliyefunzwa kuchomelea VETA akiulizwa kwa nini rodi inaokwa, atajibu. Hilo ni swali zuri la kumuuliza fundi yeyote kabla ya kumkabidhi kijiko.

Mnyororo nao una daraja lake. Ule wa kufungia mizigo kwenye malori, wenye rangi ya dhahabu, ni daraja la 70, na haukukusudiwa kunyanyulia. Mnyororo wa kunyanyulia ni daraja la 80 au 100, na pingili zake zimegongwa namba 8 au 10 kila baada ya hatua fulani. Wa milimita 8 wa daraja la 80 una uwezo salama wa tani 2, wa milimita 10 tani 3.15, na hapo umeachiwa akiba ya mara nne kabla ya kukatika. Mnyororo usio na alama yoyote, hata ukiwa mnene kama kidole gumba, ufunge mbwa.

Hata watu wanaoshughulika na minyororo maisha yao yote husahau jambo la pembe. Ukiufunga mzigo wa tani moja kwa miguu miwili ya mnyororo iliyosimama karibu wima, kila mguu unabeba nusu tani. Miguu ikitanuka mpaka kila mmoja ufanye nyuzi 60 na ardhi, kila mguu unabeba kilo 580. Kwa nyuzi 45 ni 710. Kwa nyuzi 30, kila mguu unabeba tani moja nzima, ingawa mzigo haujaongezeka hata kilo. Sasa fikiria kulabu mbili zilizoachana mita moja na nusu kwenye ukingo wa kijiko, na mnyororo mfupi unaotoka kwa zote mbili kwenda kwenye pipa lililo chini kidogo. Pembe imelala, minyororo inalia, na kulabu zinavutwa kwa ubavu, upande ambao hazikufuliwa kuvutwa. Kwa mzigo mmoja tumia kulabu ya katikati. Zile mbili ni za gogo, bomba na vitu virefu, ambapo kila mnyororo unashuka wima kwenye sehemu yake.

Tufike kwenye trekta. Trekta za Tengeru ni za kila ukoo. Kuna Massey Ferguson za zamani, 135 na 290, ambazo mafundi wa hapa wanazifungua na kuzifunga kwa kupapasa. Kuna New Holland na Farmtrac zilizoletwa kupitia SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa, baada ya mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009. Kuna Ursus, zilizotoka Poland na kuunganishwa Kibaha. (Poland si jina geni Tengeru. Kuanzia mwaka 1942 wakimbizi wa Kipoland wapatao 5,000 waliishi hapa, wakalima na kufungua karakana zao, na makaburi yao bado yanatunzwa karibu na Ziwa Duluti.) Nyingi kati ya trekta hizi hazikutoka kiwandani na kijiko. Kijiko kilifungwa baadaye, kingine kikitoka kwenye mashine iliyokufa, na kibao cha kuonyesha uwezo wake hakipo. Pale kilipo, kisomwe kwa makini: watengenezaji wengi hupima uwezo kwenye pini ya kijiko. Mzigo uliotundikwa mbele ya pini hupata uwezo mdogo kuliko ulioandikwa.

Trekta lenye mzigo mbele ni mizani ya sokoni, na mhimili wake ni ekseli ya mbele. Chukua trekta ambalo ekseli zake zimeachana mita 2.3, na mzigo wa kilo 600 unaoning'inia mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele. Zidisha 600 kwa 1.5, gawanya kwa 2.3, unapata 390. Hizo ni kilo zilizoondoka kwenye matairi ya nyuma. Ekseli ya mbele imepokea 600 za mzigo na hizo 390, jumla 990, juu ya uzito wake wa kawaida. Dereva anaona mbele tu, matairi yamebonyea. Jambo kubwa limetokea nyuma yake. Kwenye trekta nyingi za zamani breki ziko kwenye magurudumu ya nyuma peke yake, na kama si ya kuvuta kwa magurudumu manne, hata injini inazuia mwendo kwa magurudumu hayo hayo. Uzito ulioondoka nyuma umeondoka na breki. Kwenye uwanja tambarare huenda asitambue. Akiteremka kutoka Akheri kuelekea barabara kuu, juu ya majani yenye umande, atatambua.

Dawa yake ni uzito nyuma. Matairi ya nyuma yajazwe maji mpaka robo tatu. Nyuma, kwenye pointi tatu, lifungwe tofali la zege: lenye urefu wa mita 1, upana wa sentimeta 60 na kimo cha sentimeta 50 lina kilo 720 hivi, na kijana yeyote wa ujenzi anaweza kulimwaga.

Tofali hilo halizuii kupinduka ubavuni. Ekseli ya mbele ya trekta imeshikwa kwenye fremu kwa pini moja katikati ili magurudumu yafuate mashimo, na kwa hiyo trekta halisimami juu ya miguu minne kama linavyoonekana. Linasimama juu ya pembetatu: matairi mawili ya nyuma na ile pini. Mzigo uliopandishwa juu, ukabembea kidogo kuelekea bondeni, unaweza kuutoa uzito wote nje ya pembetatu hiyo kabla dereva hajageuza usukani. Kwa hiyo mzigo unapandishwa kiasi cha kutogusa ardhi, sentimeta 30, na trekta linatembea mwendo wa mtu anayetembea na mtoto. Linapanda na kushuka mteremko likiwa limenyooka, halikati ubavuni mwake.

Sijasema juu ya mipira ya haidroliki. Kwenye trekta za shamba, kati ya jeki na valvu mara nyingi hakuna kitu cha kuyazuia mafuta mpira ukipasuka. Ukipasuka, mikono inashuka na kila kilichotundikwa. Mpira wenye ngozi iliyochanika mpaka nyaya zikaonekana ubadilishwe kabla hata ya kuzungumza habari za kulabu.

Yote niliyoyataja hapo juu yanawahusu zaidi watu ambao hawamiliki trekta na hawaliendeshi. Karavati likining'inia, kuna vijana wawili au watatu wanaolishika kwa mikono ili lisizunguke, na mmoja anayeingia mtaroni kulipokea. Hao ndio walio ndani ya njia ya uzito. Wanalipwa kwa siku, wengi hawana mkataba, na mara nyingi ndio wa mwisho kuulizwa kama wamekubali. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, haikuishia viwandani. Shamba nalo ni mahali pa kazi, na aliyeajiri kwa siku moja ameajiri. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1998, minyororo na vifaa vingine vya kufungia mzigo unaonyanyuliwa vinakaguliwa na mtu mwenye ujuzi kila baada ya miezi 6. Ratiba ya namna hiyo inaweza kufuatwa na shamba lolote la Meru lenye daftari na kalamu.

Vijana hao wapewe kamba. Kamba mbili za mita 4 au 5, zilizofungwa pembeni mwa mzigo, zinauongoza vizuri kuliko mikono, na zinawaweka mahali ambapo mzigo ukianguka hauwafikii. Mtu asiwepo chini ya mzigo, wala kati ya mzigo na trekta, wala kati ya mzigo na ukuta wa mtaro. Anayepokea mtaroni ashuke karavati likishagusa chini. Mtu mmoja, siyo wanne, ndiye anayempa dereva ishara, na dereva asipomwona anasimama.

Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, kijiko kijaribiwe. Kama umekusudia kunyanyua kilo 600, tundika robo zaidi, kilo 750, yaani mifuko 15 ya simenti iliyofungwa vizuri kwenye jukwaa la mbao. Inua kwa kimo cha goti, ngoja dakika kumi, na watu wote wakae mbali. Matairi ya nyuma yakiwa mepesi, uwezo wako ni mdogo kuliko ulivyodhani, na namba ndogo ndiyo ya kuandikwa. Shusha, ondoa mzigo, sugua weldi kwa brashi ya waya na uitazame kwa tochi kutoka pande zote, hasa mwanzo na mwisho wa kila mstari. Kisha andika uwezo huo kwa rangi nyeupe mgongoni mwa kijiko, herufi kubwa, ili hata anayeazima trekta na yule mwenye kamba mkononi waweze kuusoma. Weldi ikaguliwe hivyo kila wiki ya kazi, na ikionekana imepasuka, isifunikwe kwa weldi nyingine. Ufa ukwanguliwe kwa grinda mpaka uishe wote, chuma kipashwe moto, na kazi ianzwe upya kwa rodi kavu.